UZI: Hodi ya kwa simu tunapiga wapi? Barua, meseji, WhatsApp na Kiswahili chetu

#1 SaibaYaKona

Wadau habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye ako na chai amimine kwanza.

Mimi nina saiba (duka la intaneti) hapa Umoja, Nairobi, kazi ni zile mnajua, kuprinti, kodi za KRA, huduma za serikali za eCitizen, CV za vijana, na mara moja moja kuandikia watu barua. Jumamosi mzee mmoja wa hapa karibu alikuja na simu ya mjukuu wake. Anataka kumwandikia binti yake ako Doha kwa WhatsApp lakini macho hayaoni zile herufi ndogo za kibodi, akasema yeye ataongea mimi niandike. Nikashika simu. Akaanza: "Kwako mwanangu mpendwa, pokea salamu nyingi kama mchanga wa baharini. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu." Nikaandika. Zikafuata salamu za mama, za majirani wawili kwa majina, habari ya ng'ombe amezaa kule Kitui, mvua imenyesha wapi na imeruka wapi. Neno lenyewe bado hajaligusa, na neno lenyewe lilikuwa ni mabati 12 ya jikoni.

Nikamwambia mzee, hii ni WhatsApp si barua, wacha tumwambie tu mabati yanahitajika. Akaniangalia akasema, "Sasa mwanangu, nimwingilie mtoto bila hodi?"

Nikaandika yote. Jumapili mjukuu alikuja kunisikizisha jibu, voisi ya dakika 4. Dada wa watu anaitikia salamu moja moja, ng'ombe amezaa ndume ama jike, yule jirani mguu ulipona, mama bado anakunywa dawa ya presha? Mabati yalikuja mwisho kabisa, sekunde chache, "na ya mabati baba nimesikia, mwisho wa mwezi."

Tangu siku hiyo hilo swali la mzee halijanitoka kichwani. Watu hulalamika ati simu imeua Kiswahili, vijana wanaandika ovyo, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Lakini nimekaa kwa hii kaunta miaka mingi nikiona venye watu wanaandika na nimeanza kuona shida si ufupi. Kiswahili kinajua kujikunja kiingie kwa chombo chochote. Shida ni kwamba kila chombo kipya kikija hatujui hodi inapigiwa mlango upi.

Angalia barua. Barua ilikuwa na njia yake, salamu, hali yangu, hofu kwako, halafu neno, halafu ni mimi wako fulani. Karatasi ilikuwa kubwa na stempu ni ile ile ujaze ukurasa usijaze. Redio nayo ilikuwa na kadi za salamu, unajaza majina ya watu wako, mtangazaji anawasoma wote mpaka yule wa mwisho, na kuna watu walijulikana nchi nzima kwa kutuma salamu tu, hakuna habari nyingine. Salamu yenyewe ndio ilikuwa habari.

Halafu ikaja meseji, herufi 160. Hiyo namba haikutoka hewani, kuna Mjerumani anaitwa Friedhelm Hillebrand, 1985 alikaa na taipureta akaandika sentensi za kawaida na maswali ya kawaida akihesabu herufi, akaona karibu zote zinaisha kabla ya 160. Na meseji ya kwanza kabisa, Desemba 3 1992 huko Uingereza, Neil Papworth alituma maneno mawili tu, heri ya Krismasi kwa lugha yao. Meseji ya kwanza duniani ilikuwa salamu!

Lakini hapa kwetu kila meseji ilikuwa pesa. Herufi ya 161 ni meseji ya pili, kredo inakatwa tena, na kredo ni ile ulikwangua ya ishirini. Kitu ya kwanza kutupwa nje ilikuwa salamu, halafu vokali. Mm, ww, nn, lkn, cjui, 2taonana. Na angalieni hiyo kazi vizuri kabla hamjaitukana. Karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia na vokali, ukiitoa mifupa inabaki na msomaji anajua nyama ilikuwa wapi. Mtu hakufundishwa, kidole chake kilijua. Tena ile hadithi ya ati Kiswahili ni kirefu sana kwa simu si kweli, "nitakupigia" ni herufi 11 na ndani kuna nani, lini na kwa nani.

Sasa leo herufi ni kama bure, bando la siku linatosha kuandika kitabu. Mbona salamu haikurudi? Kilichorudi ni "Hi". Unaona Hi saa tatu asubuhi, unajibu, kimya mpaka saa nane ndio anakuja na shida yake. Ama anaingia moja kwa moja na "nitumie 500". Nauliza kwa roho safi, nyinyi hodi mnapiga vipi?

#2 MwalimuWaJioni

Dada asante kwa uzi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nasomesha pia masomo ya jioni Eastlands, hili jambo ni chakula changu cha kila siku.

Ni kweli naona "cjui" na "kwa nn" kwenye insha, na mtahini wa 102/1, karatasi ya insha ya KCSE, hana huruma nayo. Zamani kidogo ilikuwa ile ya kuweka x mahali pa s, "xaxa mxee", siku hizi imepungua sana. Hizi ni nguo, zinavaliwa zinavuliwa. Kosa la mwanafunzi si kufupisha, kosa ni kuvaa nguo ya kulala akienda harusini. Ndiyo maana tuna sajili kwenye isimujamii, yaani lugha inayofaa mahali na watu wake, ingawa wengi tunaifundisha kama kitu cha kukariri, sajili ya hospitali, sajili ya mahakama, basi.

Mwaka huu niliwapa darasa habari moja tu: baba ameugua, amelazwa. Iandike mara tatu. Barua rasmi kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa, ujumbe kwa grupu la familia, halafu voisi kwa nyanya. Msichana mmoja, kimya sana, barua yake ilikuwa sawa, "ninaomba ruhusa ya siku mbili." Kwa grupu akaandika "watu wangu baba amelazwa, tuombeane, nitawajulisha wodi." Lakini kwa nyanya ugonjwa hakuutaja mwanzoni kabisa. Alianza: "Shosho umeshakula?" Nikamuuliza mbona umeanza hapo, akasema, "Akisikia kabla ya kula, hatakula." Nilimpa alama zote na nikakaa chini. Hakuna kitabu kilimfundisha hiyo hodi.

Kuhusu ufupi nakuunga mkono kabisa. Shairi la tarbia kwa kawaida lina mizani 16 kila mshororo, mishororo minne, yaani mizani 64 kwa ubeti, na huruhusiwi kuzidisha hata moja. Washairi wetu walikaa ndani ya kipimo miaka mingi kabla ya simu. Nimeandika huu sasa hivi nikisoma uzi wako:

Nimebisha kwako hodi, mlangoni nasimama,
Nina neno la ahadi, la jana tulilosema,
Kimya chako kimezidi, moyo wangu walalama,
Nijibu usikaidi, nijue uko salama.

Hesabu herufi, nafasi na vituo, pamoja na kila unaporuka kwenda mstari mpya. Ni 158. Unaingia kwa meseji moja na nafasi mbili zinabaki, bila kukata vokali yoyote.

Na barua za Kiswahili za zamani zaidi tulizonazo ni za Kilwa za mwaka 1711, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na zimehifadhiwa Goa, India. Lugha hii imebadilisha hata hati na bado iko hapa.

#3 dogo_wa_Kayole

Mwalimu huo ubeti nimeuhifadhi, nitautumia, usikasirike.

Mimi nataka niongelee upande wetu wa vijana juu watu wanadhani hatuna adabu kwa simu na si hivyo, tuko na adabu yetu ila haiko mahali wazee wanaitafuta. Nipeeni mfano wa neno moja tu, sawa. Brathe yangu mkubwa ako Mombasa Road anafanya kazi ya godauni, nikimwandikia naomba kitu anaweza kujibu hivi: "sawa" hiyo ni sawa ya kawaida. "Sawa sawa" amefurahi. "Sawa basi" hajapenda lakini atafanya. "Swa" ako bize. Na "Sawa." na nukta hapo mwisho, mimi nazima simu naenda nyumbani kumtafuta ana kwa ana juu najua nimemkosea. Nukta! Kwa insha ya mwalimu nukta ni alama ya kumaliza sentensi, kwa simu ni mlango umefungwa. Hakuna mtu alikaa akaamua, tulijikuta tu wote tunajua.

Halafu kuna nkt. Hii nadhani ni yetu Wakenya na najivunia nayo. Ile sauti ya kusonya, mdomo unavuta hewa kwa meno, haina herufi kwa Kiswahili na haina kwa Kiingereza, na mtu fulani mahali akatafuta herufi tatu zinafanana nayo na nchi nzima ikaelewa. Ukiandika nkt mtu anaisikia kwa masikio.

Hodi sasa. Sisi hodi yetu mara nyingi ni stika ama video fupi ya kuchekesha. Nikikutumia kitu ya kuchekesha asubuhi nimekusalimia, nakuambia nimeona kitu nikakufikiria. Ukiitikia na ile emoji ya kucheka ndio umesema karibu. Ndio nitaleta neno langu. Lakini ni kweli haifanyi kazi kwa mtu wa umri wa baba yangu, nilimtumia mara moja akanipigia simu kuuliza ni nini hii nimetuma.

#4 MwekaHazina

Wanangu mimi naleta ya matanga, juu huko ndiko nimeona lugha mpya ikizaliwa na ikiumiza watu.

Mnajua grupu ya mchango inavyoanza. Mtu anafariki, ndani ya saa moja grupu iko, picha ya marehemu, na admini anaweka namba ya kutuma pesa. Halafu inaanza ile orodha. Moja, fulani 1000. Mbili, fulani 500. Kila mwenye ametuma anakopi orodha yote, anaongeza jina lake chini, anaituma upya. Hakuna mtu alitufundisha, hakuna barua ya zamani ilikuwa hivyo, lakini grupu zote Nairobi zinafanya vile vile. Na ni maandishi ya watu wengi kwa pamoja, kila mtu ameweka mstari wake.

Mwaka juzi tulikuwa na msiba nikiwa mweka hazina. Orodha ilikuwa imefika 46. Watu wawili wakakopi wakati mmoja, kila mtu akajiweka 47. Wa tatu akakopi ile ya mwisho akaendelea. Shangazi mmoja aliyekuwa 47 ya kwanza, alikuwa ametuma 500, jina lake likapotea hapo. Hakusema. Siku ya mazishi hakuonekana. Miezi baadaye ndio nilisikia kwamba alikuwa anasubiri jina lake lirudi kila mara orodha inapotumwa, na halikurudi, akaona tumemdharau juu ya pesa kidogo. Niliumia sana. Nilienda kwake na mkate na majani ya chai nikamwonyesha meseji yake ya M-Pesa kwa simu yangu, pesa ilifika, ni orodha ilikosea. Tangu hapo orodha naandika mimi peke yangu, admini tu ndio anatuma, na usiku nampigia kila mwenye ametoa namwambia asante kwa jina.

Na ile meseji ya M-Pesa msiiache nje ya huu uzi. Tangu 2007 hakuna maandishi tunasoma kuliko yale. Inaanza na kodi ya herufi na namba kumi, halafu imethibitishwa, halafu kiasi, jina, tarehe. Haina salamu kabisa na hakuna mtu amewahi kuona ni utovu wa adabu, juu kila mtu anajua ni mashine imeongea. Lakini mtu akinitumia pesa halafu asifuatishe hata neno moja, hapo nahisi baridi. Pesa imeingia, yeye hajaingia.

Na "poleni". Grupu ina watu 200, poleni 90 zinafuatana, zote za kukopi. Mimi napenda yule mmoja anaandika "alinikopesha jembe 2011 na hakuwahi kuniuliza."

#5 BintiWaKibokoni

Asalaam aleikum. Mie ni wa Mombasa, naishi South B. Nyote mwaongea habari ya WhatsApp, na statasi mmeisahau. Ile statasi ni kanga. Kanga ina jina lake, yale maneno ya pale chini, na mtu akiivaa akapita mbele ya nyumba yako, hakukwambia kitu, lakini umesoma. Mamangu alikuwa na kanga za chapa ya Mali ya Abdulla sandukuni, kila moja na wakati wake, ya kumpa mgeni, ya kumwambia jirani basi yatosha. Leo dadangu akikosana na mtu aweka statasi, hataji jina, na mwenyewe aliyekusudiwa ndiye wa kwanza kuitazama, jina lake liko kwenye orodha ya waliotazama. Tofauti ni kwamba statasi yaondoka baada ya masaa 24 na kanga hukunjwa ikawekwa. Na ya kanga mtu aliifikiria mpaka dukani, akalipa. Ya simu yaandikwa kwa hasira na kabla hujaifuta washaipiga picha.

#6 dawati_la_wateja

Nitakuwa tofauti kidogo hapa, naomba mnisikize. Mimi nafanya kazi ya kujibu wateja wa kampuni fulani mtandaoni, WhatsApp, Facebook, kila mahali. "Hi" inanimaliza. Mtu anaandika Hi, mfumo unahesabu nimepata mteja, saa inaanza kwenda, namjibu, amepotea. Anarudi na "uko?" Niko. Amepotea tena. Na nyuma yake kuna mtu ameandika shida yake yote mara moja na anangoja. Kwa hivyo hodi peke yake bila neno si heshima kwa kila mahali, kuna mahali inamchelewesha mwingine.

Lakini niwaambie kitu nimeona. Siku hizi kuna mashine inajibu kwanza, inaandika habari, karibu, chagua moja au mbili. Na watu wanaisalimia! "Nzuri sana, na wewe?" Mashine inarudia chagua moja au mbili. Mama mmoja alijibu salamu ya mashine mara tatu, akaandika "naona uko na kazi nyingi, nitarudi kesho." Nilisoma hayo mazungumzo asubuhi iliyofuata nikampigia mwenyewe. Shida yake ilikuwa ya dakika mbili. Ningependa wanaotengeneza hizi mashine wakae na huyo mama.

#7 dogo_wa_Kayole

Dawati umenikumbusha Juni 2024 wakati wa muswada wa fedha. Zile Spesi za X za usiku, mikutano ya sauti mtandaoni, watu wanasoma muswada kifungu kwa kifungu, wengine wanaueleza TikTok kwa sheng, kwa Dholuo, kwa Kikuyu. Kile kilinishangaza ni venye watu walikuwa wanaongea wakipewa maiki. Kijana wa umri wangu, hana subira ya kitu yoyote, akipewa maiki anasema "asanteni kwa nafasi, natumai mnanisikia, salamu kwa wote mko hapa." Kama mtu amepiga simu redioni! Na kuomba maiki kwenyewe ni hodi, unainua ule mkono na unangoja uambiwe karibu.

#8 SaibaYaKona

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Dawati umenisahihisha na nakubali. Mimi nilikuwa nalia na Hi kwa sababu ni fupi, kumbe ubaya wake ni kwamba mtu amebisha halafu akaondoka mlangoni. Angalieni ubeti wa mwalimu, mshororo wa kwanza ni hodi na wa pili tayari ni neno. Vyote viko ndani ya 158. Mzee wangu pia alifanya hivyo hivyo ila yeye alitumia ukurasa, alibisha, akasalimu, akasema mabati, meseji moja. Kuanzia leo mtu akiniomba nimwandikie, nitaweka salamu na haja pamoja, na salamu iwe ya huyo mtu, si ya kukopi. Kama ni shangazi, nimuulize mguu. Kama ni shosho, nimuulize kama amekula.

MwekaHazina, hiyo ya kupiga simu usiku kwa kila mtu naichukua kwa chama yetu.

#9 MwekaHazina

Ichukue mama. Ila kunywa maji, majina ni mengi.

#10 SaibaYaKona

Wadau narudi kidogo tu, mzee amekuja leo mchana. Mjukuu amemnunulia simu yake mwenyewe ya kugusa, iliyotumika lakini safi. Hataki kuandikiwa tena, anataka nimfundishe voisi. Nikamwonyesha ile alama ya maiki, shika hapa, usiachilie mpaka umalize kuongea, ukiachilia imeenda.

Akashika. Akasema "Hodi!" akaachilia.

Nikamwambia mzee imeenda hivyo, sekunde moja, sasa shika tena uendelee. Akakataa. Akaweka simu juu ya kaunta, akakunja mikono, akangoja. Nilikuwa karibu kumwambia yale tumekubaliana hapa jana, nikajizuia. Nikaendelea na kazi ya kuprinti, wateja wawili wakaingia wakatoka. Zikaja tiki mbili za bluu. Halafu voisi ikaingia, fupi, nyuma yake kelele za jikoni ama kazini sijui.

"Karibu baba."

Ndio akashika maiki, akasogeza simu mdomoni, akaanza na habari ya ndama.